Chujio la Darajani

Jumatatu, 3 Februari

Leo nimekabidhiwa daraja. Bosi alinisukumia faili mezani akasema, "Hili lako. Likisimama tumelisimamisha sote, likianguka umeliangusha wewe." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, lakini faili nililipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ambebe.

Daraja lenyewe si kubwa. Ni la waenda kwa miguu, vipande viwili vya chuma vitakavyokutana juu ya nguzo moja katikati ya kijito kinachopasua mtaa wetu. Wakati wa kiangazi hata kuku anakivuka kijito hiki bila kulowa tumbo. Mvua zikianza kinakuwa kiumbe kingine kabisa. Shule ya msingi iko ng'ambo na watoto wengi wanakaa huku. Mwaka jana walishinda nyumbani karibu msimu mzima wa mvua, na wakaguzi wa elimu walipokuja walikuta madawati yanatazamana yenyewe. Waliacha onyo: watarudi mapema Aprili, na wakikuta hali ni ileile shule inafungwa, watoto wanatawanywa kwenye shule za mbali.

Mwalimu mkuu wa shule hiyo ni dada yangu, na tunaishi nyumba moja. Kwa hiyo mdau wangu mkubwa nitakula naye kila jioni. Nilipomwambia kazi nimepewa mimi hakunipongeza. Alisema, "Basi usinidanganye hata siku moja." Nikasema sawa.

Jumatano, 5 Februari

Nimezunguka eneo la kazi mpaka viatu vimeachama. Nimenunua buti za mpira.

Jumanne, 11 Februari

Sasa nawajua watu wangu. Ofisi ya mji, kwa kuogopa kelele za wakazi, iligawa kazi nusu kwa nusu: upande wa huku unajengwa na mafundi wa huku, upande wa ng'ambo na mafundi wa ng'ambo. Kila upande una vibarua wake, stoo yake, hata birika lake la chai. Fundi mkuu wa huku anaitwa Jogoo, maana anaanza kuwika kabla jua halijatoka na hanyamazi mpaka makoleo yarudi stoo. Wa ng'ambo ni Taratibu. Huyo ukimwambia nyumba inaungua atakuuliza moto umeanzia chumba gani.

Nilipoitisha kikao cha kwanza cha pamoja, Jogoo alikuja akakaa. Taratibu alifika, akamwona, akageuza njia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikamfuata. "Mama," akaniambia kwa heshima zake zote, "kazi nitafanya. Kukaa meza moja na yule, hapana." Mlinzi wa stoo ndiye aliyenieleza. Hawa walikuwa mashemeji. Taratibu alimwoa dada yake Jogoo, ndoa ikavunjika mwaka juzi, mke akarudi huku kwao na binti yao. Tangu siku hiyo wawili hawa hawajapeana hata salamu.

Bosi anasema niwabane. Mimi nimeamua vingine. Nitafanya vikao viwili, asubuhi huku, saa nne ng'ambo, na maneno yao nitayabeba mwenyewe. Sikusomea uhandisi, nimesomea kupanga kazi na watu, na hawa ni watu kama watu wengine. Nitawaelewanisha bila kuwakutanisha.

Ijumaa, 14 Februari

Kubeba maneno ni kazi yenye ufundi wake. Leo Jogoo kasema, "Mwambie yule kobe mchanga wake umemwagwa kwangu, aje auchukue kabla hajazeeka." Nikavuka, nikamwambia Taratibu, "Mwenzako anaomba uchukue mchanga wako." Taratibu akajibu, "Mwambie kelele haziinui zege." Nikarudi, nikamwambia Jogoo, "Anashukuru." Mchanga umechukuliwa.

Vibarua wameshanibandika jina: Chujio. Kwanza nilikasirika, kisha nikalipenda. Nani anakunywa chai na makapi yake?

Jumatano, 19 Februari

Mhandisi wa mji amekuja kuitazama nguzo ya kati. Ameikubali, ila ameagiza iongezwe kofia, yaani tabaka la zege juu yake, nene kama upana wa kiganja, ili vyuma vipate pa kulalia. Nimeziarifu pande zote mbili. Jogoo kasema sawa kwa sauti, Taratibu kasema sawa kwa kichwa. Mhandisi kaondoka na gari lake na vumbi lake.

Jioni Dada aliuliza, kabla hata sijavua buti, "Daraja?"

"Linakwenda," nikasema.

Jumatatu, 24 Februari

Leo wamenichosha. Jogoo ameanza kujenga kitako cha zege upande wake, pale ncha ya chuma itakapokaa. Kitako lazima kiwe usawa mmoja na nguzo ya kati, na cha ng'ambo hivyohivyo. Akaniita mbele ya vibarua wake wote, kwa sababu bila watazamaji hawiki. "Dada yangu, nenda kamuulize yule bwana aliyemrudisha mke kama sahani ya kuazima: anapima kutoka juu ya kofia au chini yake? Na umuulize kama kichwa chake mwenyewe anajua kinaanzia wapi!" Vibarua wakacheka, mmoja akaangusha koleo.

Nilivuka nimefura. Mke kama sahani ya kuazima! Yule baba yuko kwenye shughuli zake, hajamchokoza mtu. Nikamwambia tu, "Mwenzako anakusalimu, anauliza kama vipimo vyenu viko sawa."

Taratibu alikuwa anakunja ule mpira wa maji wa kupimia usawa, duara juu ya duara. "Anasalimu? Yule?" akasema bila kuinua macho. "Mwambie mimi nilifuata alama ya zamani, kama yeye anavyofuata ugomvi wa zamani. Akitaka nipandishe, aseme sasa, kabla chuma hakijaja."

Nikarudi. "Anasema viko sawa," nikamwambia Jogoo. Jogoo alinitazama kidogo, kisha akawapigia vijana kelele wachanganye zege. Taratibu naye nilimpelekea, "Amesema sawa." Nimefika nyumbani kichwa kinagonga, lakini siku imekwisha bila ngumi.

Alhamisi, 27 Februari

Vumbi. Saruji imefika. Hakuna aliyegombana, au hakuna aliyegombana mbele yangu.

Jumatatu, 3 Machi

Wingu la kwanza. Lilikaa juu ya mtaa asubuhi nzima, likaondoka bila kuaga. Dada alilitazama kutoka dirishani kama mwenye nyumba anayemwona mpangaji mkorofi.

Nimemwona binti yao Taratibu. Yuko darasa la tatu kwa Dada, wenzake wanamwita Kibiriti kwa kuwa ni mdogo na hachelewi kuwaka. Anapotoka shule anapita kwa baba yake ng'ambo, anapewa kipande cha mkate. Halafu anavuka, anapita kwa mjomba wake Jogoo, anapewa kingine. Yeye peke yake ndiye anayekula pande zote mbili za mradi huu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya wadau. Wakazi wa huku wanataka utepe ukatwe huku. Wa ng'ambo wanataka ng'ambo, kwa kuwa shule iko kwao. Nimewasikiliza kila upande peke yake, nikawaahidi wote kwamba maoni yao ni ya thamani, na wote wameondoka wanatabasamu. Bosi alikuwapo. Akaniambia, "Wewe una ulimi wa asali." Nimejisikia vizuri, sitaki kusema uongo.

"Daraja?" Dada aliuliza.

"Linakwenda."

"Linakwenda wapi?" akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Winchi imefika na vyuma vimefika. Kipande cha huku kimeshushwa leo, kimekaa kama sahani juu ya meza. Jogoo alipanda juu yake akatembea mpaka nguzo ya kati na kurudi, mikono nyuma kama waziri. Kesho winchi inahama, kesho kutwa zamu ya ng'ambo.

Jumatano, 12 Machi

Leo nitaandika yote.

Winchi ilinyanyua kipande cha ng'ambo asubuhi. Watu walijaa pande zote mbili, watoto wa Dada walikuwa wamepanda ukuta wa shule. Ncha moja ikashuka ikakaa juu ya kofia ya nguzo. Ncha ya pili ikaenda chini, ikaendelea kwenda chini, mpaka ikagusa kitako cha Taratibu. Chuma kizima kikawa kimeinama kama kitanda kilichokatwa miguu ya upande mmoja. Pale katikati vipande viwili vinapokutana, matundu ya bolti yalikuwa na makengeza, moja linaangalia huku, moja kule. Kijana wa Taratibu alijaribu kuingiza bolti, akajaribu nyingine, akaiweka chini polepole.  

Jogoo alikuja mbio juu ya chuma chake. Taratibu akapanda kwa chake. Mimi nilikuwa katikati, nimeshika kikombe cha chai ambacho sikukinywa. Kwa mara ya kwanza niliwaona wamesimama karibu hivyo. Hawakutazamana, walitazama matundu.

"Kitako chako kiko chini," Jogoo akasema.

"Chako kiko juu."

"Changu nimepima kutoka juu ya kofia!"

"Mimi nilijenga kwa alama ya zamani, kabla ya kofia. Na nilikuambia."

"Uliniambia lini?"

"Nilituma."

"Mimi ndiye niliyetuma! Niliuliza waziwazi, juu ya kofia au chini yake? Nikaletewa jibu kwamba viko sawa!"

Hapo wote wawili wakageuka wakanitazama.

Jogoo hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Dada yangu," akasema, "hukumuuliza?"

"Nilimuuliza kama vipimo viko sawa."

"Mimi sikuuliza hivyo."

"Na mimi," Taratibu akasema, "sikujibu hivyo, mama."

Nikakumbuka ile siku. Sahani ya kuazima, kichwa kinaanzia wapi, ugomvi wa zamani. Nilisikia matusi, nikayachuja, na kipimo kikaenda na matusi. Hawa watu wawili wasiosalimiana walikuwa wameulizana swali sahihi na kupeana jibu sahihi. Mimi msomi wa watu ndiye niliyesimama katikati nikazuia. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na niliiona mbele ya mtaa mzima.

Nyumbani Dada aliuliza, "Daraja?" Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ulikuwa unaogopa watu wazima wasilie." Akanigeukia. "Na ile linakwenda, linakwenda yako, nayo ulikuwa unanichujia mimi?"

"Ndiyo."

Alinyanyuka. Nilidhani anatoka, kumbe alikwenda kuniwekea chakula. "Kula," akasema. "Kesho una kazi."

Alhamisi, 13 Machi

Bosi ameniita. Amefunga mlango, jambo asilofanya. "Kwenye ripoti andika ni mvua," akasema.

"Mvua haijanyesha, bosi."

"Itanyesha."

"Hata ikinyesha leo, haiwezi kuwa imepindisha chuma cha jana."

Akasema basi niandike ni uzembe wa mafundi, tuwakate, tulete wengine. Nikasema kosa si lao. Akasema, "Unajua unachojifanyia?" Nikasema najua, na nikaandika ripoti pale pale mezani kwake, na jina langu nikaliweka pale panapouliza chanzo cha kosa. 

Nimempigia Mhandisi mwenyewe. Amenikaripia vya kutosha na nimemwachia amalize. Mwisho akasema kinachowezekana: kiinuliwe kile chuma kwa jeki upande wa ng'ambo, kitako kiongezwe zege, ile inayokauka upesi, kisha kishushwe tena. Muda hauongezwi. Wingu leo lilikaa mpaka jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao kimoja. Nimewaambia wote: anayetaka mradi huu aje, asiyekuja nitajua hautaki. Dada alitupa darasa la tatu. Kwa hiyo Jogoo na Taratibu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani, na vibarua wao wamejaa ukutani.

Nilianza na langu. Nilirudia maneno yote ya siku ile kama yalivyosemwa, matusi na vipimo, mbele ya wenyewe. Darasa lilikufa kwa kicheko pale kwenye sahani ya kuazima, halafu kikaisha chenyewe, kwa sababu Taratibu hakucheka. Nikasema, "Kosa ni langu. Sasa tuinue chuma."

Taratibu akasema watu wake peke yao hawatoshi, na jeki hana. Jeki ziko kwa Jogoo.

"Nimwinulie chuma huyu?" Jogoo akasimama na dawati likainuka naye. "Huyu aliyemleta dada yangu mlangoni na sanduku moja?" Taratibu naye akafungua kinywa, na tuliomdhania hana maneno tulijifunza kitu. Walitupiana yote ya miaka miwili. Vidole vilikuwa vinaniwasha kuingilia. Nilivikalia. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya msimu huu.

Kisha mlangoni sauti ya mwanamke ikasema, "Aliyeachika ni mimi. Nyinyi wawili mmeachana nini?"

Alikuwa mama yake Kibiriti. Dada ndiye aliyemwita, bila kuniambia, na alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono. Mama Kibiriti aliingia mpaka mbele ya ubao. "Mwanangu mwaka jana hakusoma," akasema. "Nilikaa naye nyumbani tunasikiliza mvua. Baba yake fundi, mjomba wake fundi, na kijito ni kile kile. Kama mnanipigania mimi, acheni, nimechoka kupiganiwa. Mpiganieni yeye avuke." Akageuka akaondoka, hakusubiri kujibiwa.

 Jogoo akajitoa kwenye dawati, akajipangusa suruali isiyo na vumbi.

"Jeki ninazo mbili," akasema. Alikuwa anaangalia ubao.

"Mbili hazitoshi," Taratibu akaujibu ubao.

"Nitaazima."

"Azima mbili tena."

Hapo nikatoa sheria mpya ya kazi, na vibarua wameiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo: TUSI RUKSA, KIPIMO KIRUDIWE. Kikao ni kimoja, kila asubuhi, pale pale juu ya nguzo ya kati. Anayetaka kumwambia mwenzake jambo atamwambia mwenyewe, na kama lina kipimo ndani yake, aliyeambiwa atalirudia kwa sauti kabla ya kuondoka. Mimi sibebi neno la mtu tena.

Jumatatu, 17 Machi

Chuma kimeinuka. Jogoo alivuka na vijana wake, akatia mguu kwenye eneo la kazi la Taratibu kwa mara ya kwanza. "Inua kiganja kimoja na vidole viwili, kobe wewe," akasema. "Kiganja kimoja na vidole viwili, tarumbeta wewe," Taratibu akarudia. Wakainua.

Jumanne, 18 Machi

Zege imemwagwa. Sasa haitaki kuguswa wala kulowa mpaka ishike vizuri. Mimi na anga tunatazamana.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua.

Ilianza mchana bila hata ngurumo, ikaja moja kwa moja. Nilikimbia na buti zangu mpaka ng'ambo nikijua kwamba zege yetu imekwisha. Nikawakuta wameshafika. Turubai limefunikwa juu ya kitako, upepo unalivuta, na kwenye pembe mbili za upande wa upepo wamesimama Jogoo na Taratibu, kila mmoja kaivuta ya kwake, wamelowa mpaka ndani.

"Shusha upande wako!"

"Shusha wako, maji yanaingia kwako!"

"Wewe hata turubai unalishika polepole!"

Nilishika pembe ya tatu. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, furaha ya mtu mzima aliyelowa chepechepe akisikia watu wazima wakitukanana. Mvua ilipokatika Taratibu aliingiza mkono chini ya turubai, akapapasa. "Kavu," akasema. "Kavu," Jogoo akarudia, ingawa hicho hakikuwa kipimo.

Jumatatu, 24 Machi

Kijito kimejaa. Dada, anayezunguka kwa barabara ya mbali ili afike shule, anasema leo wamekuja watoto wa ng'ambo tu, darasa la tatu lilikuwa na robo yake. Kibiriti anakuja kila asubuhi ukingoni na sare yake na begi lake, anasimama anatutazama tukifanya kazi, kisha anarudi nyumbani. Hasemi kitu. Ningependa aseme.

Wakazi wamekuja na maneno. Safari hii nimewaweka pande zote mbili kwenye chumba kimoja na nikawaambia ukweli: tumechelewa, kosa ni letu, na kuhusu utepe sina jibu. Walifoka. Mzee mmoja akaniambia mwezi huu nimepoteza adabu. Lakini walipomaliza kufoka walijitolea kubeba mbao.

Ijumaa, 28 Machi

Jeki zimelegezwa asubuhi, chuma kikashuka kikakaa. Hapakuwa na kelele, hata Jogoo alinyamaza. Kijana yuleyule wa Taratibu akaingiza bolti ya kwanza. Ikaingia kama kidole kwenye pete. Nililia kidogo, nikageuka nikakuta Mhandisi ananiangalia, nikaendelea kulia.

Jumanne, 1 Aprili

Mbao za kukanyagia zinapigwa kutoka pande zote mbili kuelekea katikati. Mvua kila siku.

Alhamisi, 3 Aprili

Mbao zimekutana. Vyuma vya kushikia viko upande mmoja tu, upande wa pili bado. Jioni Dada alikuja akanikuta jikoni. Amepata fununu kwamba wakaguzi wanakuja kesho.

"Wapitishe watoto kesho," akasema. "Mbao zipo. Upande mmoja una vyuma. Nitasimama pale mwenyewe, nitawavusha mmoja mmoja."

Zamani ningemwambia tutaangalia. Ningemwambia linakwenda. Nilizima jiko nikamtazama.

"Hapana, dada."

"Wakija kesho wakikuta patupu, shule imekwenda. Unaelewa?"

"Naelewa. Hapana. Maji yako chini ya mbao kwa urefu wa mtoto, na upande mmoja hauna cha kushika. Ukiniuliza tena nitasema hapana tena."

Aliingia chumbani kwake. Chakula nilikula peke yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Wakaguzi hawakuja. Pande zote mbili zimefanya kazi kwenye mvua mpaka giza. Dada hasemi nami.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumemaliza. Mhandisi ametembea huku na kurudi, ametikisa kila chuma, amesaini. Utepe haukukatwa na mtu. Wakati wakazi wanabishana, Kibiriti alipita chini ya mikono yao akakimbia mpaka ng'ambo, akagusa ukuta wa shule, akakimbia kurudi. Basi ikawa limefunguliwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilisimama pale asubuhi kwenye mvua. Walivuka na miavuli, na magunia kichwani, na sinia, mmoja na beseni la mama yake. Mbao zilipiga kelele chini ya viatu vyao mpaka kengele ilipolia.

Jogoo alikuwa kando yangu. "Chujio, kamwambie yule shemeji..." akaanza.

"Kamwambie mwenyewe."

Akavuta pumzi, akapaza sauti kutoka ukingo mpaka ukingo, juu ya vichwa vya watoto. "Wewe kobe! Mbao ya nne kutoka kwako inacheza!"

"Mbao ya nne kutoka kwangu!" Taratibu akajibu, na tayari alikuwa na nyundo mkononi.

Jumanne, 8 Aprili

Walikuja leo. Nilijua kwa sababu gari lao lilisimama upande wa huku, wakashuka watatu, wakavuka darajani kwetu wameshikilia vyuma vya pande zote mbili. Sikumfuata Dada shuleni. Nilikaa stoo nikahesabu misumari ambayo haikuhitaji kuhesabiwa.

Alirudi jioni amelowa, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti chake. Tangu Alhamisi tulikuwa hatujaongea. Nikatangulia mimi.

"Shule?"

Alinitazama. "Nikuchujie?"

"Hapana," nikasema. "Lete na makapi yake."

"Wamesema vyoo ni aibu," akaanza, akikunja kidole kimoja kimoja. "Wamesema paa la darasa la nne linavuja. Mwalimu wa hesabu amechelewa mbele ya macho yao. Mimi mwenyewe wamesema nina ukali usio wa lazima." Akafika kidole cha mwisho, akakishika. "Na wamesema hawajui kwa nini waliwahi kufikiria kuifunga shule iliyojaa hivi."

Nikaenda kumwekea chakula.